Hati ya mirathi ikikaa kabatini: omba muda mahakamani

(Maelezo ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wakazi waliohudhuria baraza la wadi)



Huenda mnajiuliza kwa nini kaunti inazungumzia mirathi ilhali hati zake hutolewa na mahakama. Ni kwa sababu watu wanakuja kwetu. Mtu analeta karatasi ya kodi ya ardhi yenye jina la babu aliyefariki zamani, anataka tuliondoe tuandike lake. Hatuwezi. Daftari letu linafuata hatimiliki, na hatimiliki ya marehemu haibadilishwi mpaka kazi ya mahakamani iishe. Na kodi haingoji.

Wengi wa watu hao mahakamani walikwenda. Walipata barua ya chifu, jina la marehemu likatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wakasubiri siku 30, wakapewa hati ya usimamizi wa mirathi. Wakaikunja, wakaiweka kabatini, wakaamini wamemaliza. Hapo ndipo penye shida.

Hati hiyo ya kwanza inakupa uwezo wa kukusanya mali, kuilinda, kudai pesa za marehemu, kulipa gharama za mazishi na madeni. Haikupi uwezo wa kugawa. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinataka msimamizi arudi mahakamani miezi 6 ikishapita, aombe hati ithibitishwe, akionyesha warithi ni nani na kila mmoja anapata nini. Kabla ya uthibitisho, kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi. Kwa hivyo yule jirani aliyetoa arubuni ya robo ekari kwa sababu ameona muhuri wa mahakama kwenye hati ya kwanza, amejinunulia kesi.

Sasa tuje kwenye muda. Kifungu cha 76 kinasema hati inaweza kufutwa ikiwa msimamizi, baada ya kupewa ilani na bila sababu ya maana, hakuomba uthibitisho ndani ya mwaka 1 tangu apewe hati. Lakini sheria hiyo hiyo inaongeza: au ndani ya muda mrefu zaidi ambao mahakama itaruhusu. Yaani hati haifi yenyewe siku mwaka unapotimia. Inabaki, lakini mrithi yeyote aliyechoka kungoja anaweza kuomba ifutwe, na mahakama yenyewe pia inaweza kuifuta. Baada ya uthibitisho kuna miezi 6 mingine, kwa kifungu cha 83, ya kumaliza ugawaji na kupeleka hesabu mahakamani. Huo nao unaweza kuongezwa.

Kuomba muda si jambo la kutisha. Unapeleka ombi katika faili ileile, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini umechelewa na unahitaji muda gani. Leta ushahidi. Kama kuna kesi ya mpaka, onyesha namba yake. Kama ulilazwa, leta karatasi za hospitali. Kama benki haijatoa pesa, leta barua ulizowaandikia. Kwa maoni yangu, anayekwenda mwenyewe kabla hajaitwa husikilizwa kwa sikio jema kuliko anayekwenda kujitetea. Kusema tu "tulikuwa na shughuli" hakutoshi.

Sababu tunayoisikia mara nyingi ni kwamba ndugu mmoja amekataa kutia sahihi. Chukueni mfano wa mama aliyepata hati pamoja na mwanawe mkubwa. Mdogo yuko Mombasa, anasema ugawaji haukumtendea haki, hashiki simu. Familia inakaa miaka 5 ikimbembeleza. Jamani, sheria haikuwafunga hivyo. Msimamizi anaweza kuomba uthibitisho, na asiyekubali akapeleka hati ya kiapo ya kupinga. Hakimu au jaji atawasikiliza wote, kisha aamue. Kungoja kwenu hakumlindi yeyote, hata huyo mdogo.

Jambo jingine, na hili linaumiza familia nyingi. Uwezo wa msimamizi haurithiwi. Mlikuwa wawili, mmoja akifariki, kifungu cha 81 kinamwachia aliyebaki. Lakini kama msimamizi alikuwa mmoja na amefariki, hati yake haina kazi tena. Mwanawe hawezi kuishika akaenda nayo benki au ofisi ya ardhi. Hapo hakuna muda wa kuongeza. Mnaomba ile hati ifutwe na msimamizi mwingine ateuliwe. Ndiyo maana nawashauri mkiwa bado na wazee wanaosimamia mirathi, fungueni kabati leo mtazame tarehe.

Na anayeingilia mali ya marehemu bila hati, akauza ng'ombe au akakata shamba vipande, ajue kifungu cha 45 kinalifanya kuwa kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Ugawaji wa mirathi ya Waislamu unafuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo. Sitaingia huko leo.

Mimi si wakili. Ukienda mahakamani, nenda kwa masjala ya mirathi ukiwa na namba ya kesi, nakala ya hati na cheti cha kifo. Muulize karani mambo mawili: hati ilitolewa tarehe gani, na je, imethibitishwa? Kama umepoteza nakala, kwa namba hiyo faili inaweza kutafutwa. Haya, nani ana swali?