BETRI ZA MAGARI YETU: MANENO YA KAMATI YA USAFIRI

(Yalisomwa mbele ya mkutano wa wanachama, ghalani. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wasiofika.)



Tumeombwa tuseme juu ya ile habari iliyozagaa hapa kijijini tangu vijana waliporudi kutoka Katoro, kwamba eti RAV4 zote zimepigwa marufuku kwa kuwa zinawaka moto. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, ila imeharibika njiani. Hakuna gari lililopigwa marufuku. Hebu tuieleze ilivyo.

Mwanzoni mwa Novemba 2023 kampuni ya Toyota ilitangaza huko Marekani kwamba inaziita RAV4 zipatazo milioni 1.85, zile za miaka ya 2013 mpaka 2018. Kuita maana yake ni hii: kiwanda kinakubali kwamba kuna kasoro ya hatari, mwenye gari anaandikiwa barua, analipeleka gari kwa wakala, linatengenezwa bure. Kasoro yenyewe ilikuwa kwenye kushikilia betri. Betri za volti 12 ambazo watu hununua baada ya ile ya kwanza kufa hazilingani zote. Nyingine uso wake wa juu ni mdogo. Ukiweka hiyo yenye uso mdogo, na kibano kisikazwe sawasawa, betri inaweza kusogea gari likikata kona kwa nguvu. Terminali ya chanya inagusa kile kibano cha chuma, inapiga shoti, moto unaanza. Dawa yake: kubadilisha kibano, trei ya betri na kifuniko cha terminali ya chanya.

Sasa mtu atasema, RAV4 nyingi zinazopita hapa ni za zamani kuliko hizo, zimetoka Japani na meli. Ni kweli kabisa. Hizo hazikutajwa kwenye tangazo lile. Lakini ugonjwa wa betri isiyolingana na kibano hauchagui mwaka, na kwa maoni yetu huku kwetu umeenea kuliko huko Marekani. Nani hapa ananunua betri kwa kupima? Unafika dukani Kahama unataka N70, unaambiwa zimekwisha, chukua hii N50 itafanya kazi. Itafanya kazi, ndiyo, gari litawaka. Lakini itacheza kwenye trei kama jino bovu. Au unapewa ndefu kupita kipimo, ukifunga boneti vichwa vya terminali viko kidole kimoja tu kutoka kwenye bati.

Wapo wanaodhani volti 12 ni kitu kidogo, kwa sababu ukishika terminali mbili kwa mikono mikavu husikii kitu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwilini haupiti, lakini ukipata njia ya chuma unakwenda kwa wingi wa kutisha, maana betri hiyohiyo ndiyo inayozungusha injini nzima asubuhi ya baridi. Bodi lote la gari limeunganishwa na hasi. Basi chanya ikigusa bodi, au ikigusa chuma chochote kilichofungwa kwenye bodi, mzunguko umekamilika. Waya mnene unaokwenda kwenye stata mara nyingi hauna fyuzi ya kuukata. Unakuwa mwekundu, plastiki yake inaungua, na jirani yake kuna bomba la mafuta. Tena betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka kwa cheche. Ndiyo maana tunawakataza vijana kuchungulia betri kwa kiberiti usiku.

Kuna kisa kingine, cha Uingereza. Huko BMW kadhaa zilikuwa na kasoro kwenye kiungo cha waya wa betri: kinalika, umeme unakatika, gari linazimika likiwa mwendoni pamoja na taa zake zote. Desemba 2016, gari moja la namna hiyo lilikufa barabarani gizani. Dereva mwingine alilikwepa, akagonga mti, akafariki. Mwaka 2018 idadi ya magari yaliyoitwa kule Uingereza ilipanuliwa ikafika 312,000. Na angalieni: magari yenye kasoro hiyo yalikuwa yamekwisha kuitwa Marekani tangu 2013. Miaka mitano! Waliokuwa na sheria, na posta, na anwani za kila nyumba, bado walichelewa hivyo. Sisi je?

Sisi barua haitufikii. Gari la Japani linaloletwa hapa lina mwenyewe wa tatu au wa nne. Barua, kama ipo, ilipelekwa kwa yule wa kwanza, pengine Nagoya, naye aliliuza zamani. Lakini namba ya gari haifi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi yenye kistari katikati, na iko pia kwenye kadi ya gari. Hiyo ukiiingiza kwenye ukurasa wa Marekani itakataliwa. Isikuvunje moyo, siyo kwamba gari ni la wizi. Ukurasa wa kampuni yenyewe huko Japani ndio unaoikubali, ila umeandikwa Kijapani, itabidi simu ikutafsirie. Katibu wetu amekwisha jifunza na anawasaidia wanaofika ofisini. Tena muelewe kwamba nchini tunayo Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni kazi yake. Mwenye malalamiko ya gari au betri mbovu aliyouziwa asiishie kulalamika kwenye kilabu cha pombe.

Turudi hapa nyumbani. Msimu uliopita, pikapu iliyokodiwa ilikuwa inaleta pamba hapa ghalani. Betri ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye yale mabonde ya barabara yanayotetemesha kama bati la kufulia, mpira ulilegea, betri ikainama, terminali ikagusa boneti. Moshi. Dereva, kijana hodari, alikata waya wa hasi kwa panga, na waliokuwa wanapalilia karibu wakaja mbio na mchanga. Pamba ilipona. Pamba kavu mnaijua jinsi inavyokamata moto, na siku hiyo juu ya magunia walikuwa wamekaa mama wawili na mtoto.

Tulipoongea na madereva juu ya jambo hili, mmoja alitujibu: "Mpira haupitishi umeme, chuma kinapitisha. Nyie mnataka chuma?" Hoja yake ina nguvu, na hatukuidharau. Ila mpira karibu na injini unapikwa na joto, unalegea, halafu unakatika siku usiyoitazamia. Kibano cha chuma kilichofunikwa mpira, kikakazwa kwa nati, na kofia juu ya terminali ya chanya, hapo umepata vyote viwili. Fundi wa kuchomelea hapa kituoni anakitengeneza kwa nondo, kwa gharama ndogo kuliko ya tairi kuukuu.

Jambo jingine la mafundi wetu. Unapotoa betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Sababu ni spana: ukianza na chanya, spana ikigusa bodi imekuwa yenyewe ndiyo waya wa shoti. Hasi ikishatolewa, hata ikigusa haidhuru.

Basi kamati inaleta pendekezo hili mlipigie kura leo. Gari lolote litakalobeba pamba ya chama msimu huu, au litakaloitwa usiku kumpeleka mzazi hospitali, likaguliwe betri kwanza: inakaa imara kwenye trei? Ukiisukuma kwa mkono inacheza? Kofia ya chanya ipo? Waya umechubuka? Hata michomoko inayopakia watu kwenda Kahama tunaiomba ije, ingawa hatuna mamlaka juu yake. Na wale mnaobeba madumu ya petroli kupeleka kwenye mashimo ya dhahabu Nyarugusu, mkirudi mnapakia abiria, tunawaomba mje kabla ya wengine wote.

Ukaguzi ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Mje na kadi ya gari ili Katibu aandike namba. Fundi atakuwepo mpaka saa kumi jioni, na nondo zimekwisha nunuliwa.

Kamati ya Usafiri