Siku Tatu Dar es Salaam, Moyo Uko Ras Mkumbi

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa kijiji cha Bweni, Mafia, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika kikao kilichohusu wazee wanaobaki vijijini.)

Nimeombwa niseme kwa dakika kumi kuhusu wazee wanaobaki vijijini wakati watoto wao wako mjini. Sikuandika takwimu. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, kwa hiyo nitawasimulia safari ya mimi na mke wangu mwaka jana, mwezi wa Julai.

Kwetu ni Bweni, mwisho kabisa wa kisiwa cha Mafia upande wa kaskazini. Ukifika Bweni gari haina pa kwenda tena. Mbele yako kuna rasi ya Ras Mkumbi na mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, zaidi ya kilomita 40, na barabara tuliyosafiria ni ya udongo. Mke wangu ana presha. Usiku mmoja wa masika alianguka jikoni, tukampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia, mpaka Kilindoni. Alfajiri daktari alimpa dawa akapata nafuu. Lakini kijana wetu aliyeko Dar es Salaam aliposikia, alisema neno moja tu: "Baba, hameni." Alikuwa amekwisha kutujengea chumba nyuma ya nyumba yake, Kimara. Tukakubaliana twende mwisho wa juma, Ijumaa mpaka Jumapili, tukakione.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa nakwenda kwa furaha. Dar es Salaam ni mji ninaoupenda. Nilisoma ualimu Chang'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mke wangu tulianza naye maisha katika chumba cha kupanga Keko. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na unga, na mabasi ya UDA yaliyojaa mpaka mlangoni, lakini tulikuwa vijana na hatukujua kuwa ile ni shida. Tuliporudi Bweni kufundisha, yeye alirudi kwao na mimi nikaacha nusu yangu mjini. Hilo sikuwahi kumwambia.

Basi tukatoka Kilindoni kwa chombo hadi Nyamisati, mawimbi ya kusi yanatupiga ubavuni, kisha basi kupitia Bungu na Mkuranga hadi Mbagala. Mke wangu hakutapika. Mimi mtoto wa pwani nilitapika mara mbili.

Jumamosi kijana wetu alitupakia basi la mwendokasi Kimara, likatushusha Kivukoni kabla jasho halijatutoka. Yale mabasi yalianza mwaka 2016 na mke wangu alikuwa hajayapanda. Alikaa dirishani kama mtoto. Nilimwonyesha kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililo jirani yake, lililokamilika mwaka 1902. Ualimu haustaafu, nikaanza kufundisha: Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha mji huu miaka ya 1860, mahali palipoitwa Mzizima, Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. "Na mwaka uliofuata wakajenga mnara wetu," nikamwambia. Akasema, "Kumbe mji huu na mnara wetu ni watu wa rika moja." Ndipo nikaona kuwa kila ninachomwonyesha anakipima kwa Ras Mkumbi.

Pale kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, nilimweleza jinsi Waingereza walivyoiteka Mafia Januari 1915, na jinsi ndege zilivyoruka kutoka kisiwani kwetu kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, mpaka ikaangamia Julai mwaka huo. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama mbuzi wetu wamefungwa.

Lakini soko la samaki la Feri ndilo lililotushika. Hapo sikuwa mwalimu tena, mwalimu alikuwa yeye. Alisimama mbele ya meza ya pweza, akamgeuza mmoja, akamwangalia mikia. Nikamwuliza kijana muuzaji, "Huyu ametoka wapi?" "Mafia, mzee." "Mafia ya wapi?" "Mzee, Mafia ni Mafia tu." Bei aliyotutajia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile wanayolipwa wanawake wa kwetu wanaposhuka mwambani wakati wa bamvua, na vyuma vyao mkononi, maji yakiwa yametoka. Mke wangu amefanya kazi hiyo miaka thelathini. Ndiyo iliyosomesha huyu kijana wa Kimara, maana mshahara wangu mnaujua. Simlaumu muuzaji. Kati ya mwamba na meza ile kuna barafu, kuna nauli ya chombo, kuna ushuru, na kuna tajiri mmoja au wawili. Ila mke wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi, na tulipofika nyumbani akasema, "Wenzangu hawajui. Lazima niwaambie." Nikajua safari yangu ya kuhamia mjini imeharibikia pale Feri.

Jioni watoto walitupeleka ufukwe wa Coco tule mihogo na mishikaki. Watu wengi, muziki kila upande, wajukuu wanarukaruka majini. Mimi nilikuwa nimefurahi mno. Giza lilipoingia tukaona taa mbali baharini ikiwaka na kuzima. Kijana akasema ni mnara wa Makatumbe. Mke wangu akaitazama kwa muda mrefu, halafu akajifunika kanga usoni. Nilidhani ni upepo.

Usiku ule, katika chumba kile kizuri chenye feni na choo ndani, tulizungumza kama hatujazungumza kwa miaka mingi. Nikamwambia nimechoka kuogopa. Kila akikohoa usiku mimi nahesabu kilomita mpaka Kilindoni. Nikamwambia pia ile habari ya nusu yangu niliyoiacha Keko. Naye akasema, "Mwalimu, hapa nitapona presha nife kwa kukaa. Nani atanijua mimi ni nani?" Kwa kweli sikuwa na jibu. Bweni akipita njiani watoto wanamwamkia, wagonjwa wanamwita, msiba hauanzi bila yeye. Kimara, siku tatu zote, jirani wa kulia hakututolea hata salamu. Si mtu mbaya; anatoka alfajiri anarudi usiku.

Ndugu zangu wajumbe, hapa ndipo ninapotaka mnisaidie kufikiri. Watoto wetu wanatupenda, na upendo wao wanaujengea chumba. Kamati zetu nazo, na wafadhili wetu, mara nyingi hufikiri hivyohivyo: mzee ana shida, basi ahamishwe alipo, au ajengewe kitu. Kijana wetu alinunua godoro, feni na televisheni kabla hajamwuliza mama yake swali hata moja. Jumapili asubuhi ndipo alipomwuliza. Mama akamjibu haraka haraka, kana kwamba alikuwa na orodha: kipimo cha presha pale kijijini na mtu anayejua kukitumia, dawa zisizokatika kusi inapovuma, na namba ya mwenye gari wa Bweni ambaye amelipwa kabisa mbele, ili usiku asianze kupatana bei na mgonjwa. Kijana akapiga hesabu kwenye simu yake. Vyote vitatu kwa mwaka havikufika gharama ya kile chumba. Alikaa kimya, kisha akacheka, kisha nikaona machozi.

Jumatatu tulikwama Nyamisati kwa sababu ya kusi, tukavuka Jumanne. Mwenye gari amekwisha lipwa, na kipimo kipo. Anakitumia binti wa jirani yetu aliyemaliza kidato cha nne, naye sasa anawapima wazee tisa. Dawa bado ni tatizo, zilikatika Agosti wiki mbili.

Na mimi? Tumekubaliana kila miezi mitatu twende Dar, yeye kwa daktari, mimi kwa mji wangu. Alipokuwa anafunga mzigo siku ile aliacha mkeka wa ukindu alioanza kuusuka kule chumbani, haujafika hata nusu. Nikamkumbusha kuwa anausahau. Akasema hausahau, anauacha ili mwenye chumba ajue atarudi.