Magunzi Msiyachome

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wakulima, Muheza)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya uyoga, na wako kati yenu waliocheka waliposikia. Kile kitendawili cha nyumba yenye nguzo moja tulichotegewa na bibi zetu, ndicho leo kimekuwa shauri la mkutano? Ndicho. Lakini kwanza tuseme juu ya takataka.

Sisi watu wa Tanga tumelelewa na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na katika hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa mnayoyajua. Baba zetu walikata majani, wakabeba mizigo, wakafanya kazi ya korona. Nani kati yao aliambiwa ya kuwa katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zinazouzwa ni kama kilo 4 tu? Zilizobaki, maji na nyama ya jani, zilitupwa. Zilirundikwa zikaoza, zikamwagwa mitoni, na habari za harufu yake mtu aliyekaa karibu na korona hana haja ya kuelezwa. Miaka mingi tumetoa jasho kwa ajili ya zile nne, wala hatukuuliza habari za tisini na sita.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza. Mwaka 2008 walitangaza kazi yao: waliyaozesha mabaki ya mkonge, wakapanda humo aina tatu za uyoga wa porini, nao ukaota. Uyoga wa nchi hii, ndugu, si ulioletwa kwa meli.

Na asiye na korona anayo magunzi, anayo mabua ya mpunga, maganda ya maharage, majani makavu ya migomba. Kila mwaka twayatia moto. Basi sikilizeni: uyoga hauna majani mabichi wala haujitafutii chakula kwa jua. Hula kilichokufa. Ule ugumu wa bua ambao tumbo letu haliuwezi, wenyewe huuvunja na kuugeuza kitoweo. Lakini tusidanganyane. Uyoga mbichi ni maji, karibu sehemu tisa katika kumi, na atakayewaambia sahani moja yatosha badala ya maharage anawacheza shere.

Kazi yenyewe, kwa uyoga wa mamama ambao ndio rahisi, ni hii. Mabua yakatwe vipande vya inchi mbili, yalowekwe usiku kucha, kisha yapikwe kwa mvuke katika pipa kwa saa kadhaa, kwa sababu ndani yake mna ukungu wa kila namna unaongoja kula kabla ya uyoga. Yachujwe maji, yapoe kabisa. Yashindiliwe katika mifuko ya nailoni, tabaka la mabua na mbegu kidogo, tabaka la mabua na mbegu kidogo, mfuko ufungwe na kutobolewa matundu. Uwekwe chumba chenye giza wiki tatu au nne, mpaka uwe mweupe wote. Hapo upelekwe penye mwanga kidogo na hewa, sakafu na kuta zinyunyiziwe maji kila siku. Uyoga utatoka matunduni. Uchumwe kabla kingo hazijapinduka juu. Mfuko mmoja huchumwa mara tatu hivi, na mabaki yake ni mbolea.

Tulisema yapoe kabisa, nasi tuna sababu. Msimu wetu wa kwanza tulipoteza mifuko 40. Mbegu tulinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Ilikuwa ya manjano, yanuka chachu, nasi hatukujua ya kuwa mbegu nzima huwa nyeupe kama pamba. Tena kwa haraka yetu tukaipanda mabua yangali moto. Siku ya nane mifuko yote ilikuwa ya kijani kwa ukungu. Fedha ile ilikuwa akiba ya mwaka mzima ya akina mama kumi na mmoja. Wawili walijitoa, wala hatuwalaumu.

Kwa hiyo neno letu kubwa leo ni mbegu. Anayeishika mbegu amemshika mkulima shingo. Nayo si uchawi: hukuzwa ndani ya chupa, juu ya mtama uliochemshwa na kuuliwa vijidudu vyake kwa mvuke wa nguvu. Twataka wazee wa tawi wachague vijana wawili, mmoja wao awe msichana, wakajifunze kazi hiyo. Nauli tutachanga.

Na huu wa porini, akina mama, usioujua usiuchume. Kuna sumu isiyoondoka hata ukichemsha mara saba.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutawasha pipa nyuma ya ofisi ya tawi. Kila mtu aje na gunia moja la mabua makavu, yasiyonyeshewa, na kisu. Kuni zipo.