Jirani Mbele ya Turubai: Mada juu ya Kazi ya Alice Neel



Nimepewa fursa ya kusema juu ya mchoraji na watu wa mtaa wake, na katika wote ambao ningeweza kuwataja nimemchagua Alice Neel wa Marekani, kwa sababu simjui mwingine aliyekaa miaka mingi namna ile miongoni mwa mafakiri, akizichora sura zao pasipo kuwafanya watu wa kuhurumiwa wala mapambo ya ukutani.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1900, akasomea uchoraji Philadelphia, na mwaka 1938 akahamia Spanish Harlem, mtaa wa New York uliojaa watu waliotoka Puerto Rico kutafuta riziki, akadumu huko hata mwaka 1962. Nyumba aliyowalelea wanawe wawili ndiyo hiyo hiyo aliyochorea. Kwa hiyo aliyekuja kuchorwa aliingia kama aingiavyo jirani, akapewa kiti, akazungumzishwa, na huku mazungumzo yakiendelea mwenyeji wake alikuwa akichora mistari ya rangi ya buluu juu ya turubai tupu, akilitafuta umbo la mwili na, nyuma ya umbo, tabia ya mwenye mwili.

Itazameni taswira aliyoiita *T.B. Harlem*, ya mwaka 1940. Kijana wa Puerto Rico, ndugu wa mwanamume aliyekuwa mwenzi wa mchoraji, amelala kitandani akiugua kifua kikuu, na ubavuni ana bandeji nyeupe. Maana matabibu wa siku zile, kabla ya kupatikana dawa za kuviua vijidudu vya maradhi hayo, walikuwa wakiondoa mbavu za mgonjwa ili pafu lililougua lilale lipumzike. Shingo imerefuka, mikono imekonda, na macho yanamwelekea mtazamaji bila kumwomba kitu. Maradhi yale yalikuwa yakiwala maskini wa Harlem kwa sababu ya msongamano na njaa, na jambo hilo lingeweza kuandikwa kwa hesabu katika daftari za serikali. Lakini hesabu haina macho, na kijana huyu anayo. Mimi naihesabu picha hii kuwa ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi nilizozisikia juu ya umaskini.

Katika miaka iliyofuata mabingwa wa uchoraji wa New York walikuwa wamezama katika michoro isiyo na sura ya kitu, na mwenye kuchora nyuso alidhaniwa amepitwa na zama. Turubai za Neel zikarundikana nyumbani bila wanunuzi, naye hakuacha. Jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney lilipomfanyia maonyesho makubwa mwaka 1974, alikuwa na umri wa miaka 74.

Kwa kulinganisha, wenzetu wa Kenya wanaikumbuka kazi ya mchoraji Joy Adamson, aliyeagizwa na serikali ya kikoloni kuwachora watu wa makabila wakiwa katika mavazi yao ya jadi, na ambaye kitabu chake, *The Peoples of Kenya*, kilitoka mwaka 1967. Kazi ile ina fadhila yake, kwani mengi katika mapambo yale hayavaliwi tena. Lakini jicho lake lilitangulia kwenye shanga na ngozi, na mtu akafuata nyuma. Kwa Neel mtu alitangulia. Hata hivyo insafu yanilazimu kusema kwamba naye hakusalimika na ila: mwandishi Alice Childress alichorwa akatajwa kwa jina, ilhali watoto wawili wa mwaka 1959 waliachwa waitwe *Two Girls, Spanish Harlem*, kana kwamba mtaa ulitosha kuwa jina lao. Hapo namlaumu, pamoja na mapenzi yangu yote kwake.

Basi, wachoraji mlio hapa, ambao aghalabu mwaulizwa na wanunuzi habari za simba na twiga, nawasihi kwamba mrudipo makwenu mmwombe jirani mmoja aketi mbele yenu, awe mshona viatu, au mama muuza maandazi, au mzee wa barazani. Mzungumze naye mpaka achoke kujitengeneza, mmchore kama alivyo, na nyuma ya turubai mwandike jina lake kamili.