Haki ya Mwenye Duka Bidhaa Zake Zikishukiwa



Twapenda kunena machache juu ya jambo linalowatia hofu wenye maduka, toka Diani hata Msambweni. Mwaka huu mwenzetu mmoja alichukuliwa makasha mawili ya betri, yakidaiwa kutiwa alama ya biashara ya watu wengine bila idhini yao. Hakuuliza neno, wala hakubaki na karatasi yoyote mkononi. Hata leo hajui mali yake iko wapi. Alidhani kwamba aliyeshukiwa hana haki. Sivyo.

Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 ni kali, nasi hatuzitetei bidhaa hizo, maana humdhulumu mnunuzi na mwenye alama pia. Kuwa nazo kwa ajili ya biashara ni kosa. Kwa hatia ya kwanza mtu aweza kufungwa hata miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei yake ya rejareja, au yote mawili.

Lakini sheria hiyo hiyo yamfunga mkaguzi pia. Yampasa kuorodhesha kila alichokitwaa, kumtaka mwenye duka aihakikishe orodha, kumpa nakala, na kumwarifu kwa maandishi mali ilikopelekwa. Naye mwenye duka aweza kwenda mahakamani kuomba iamuliwe kwamba mali yake si bandia, arudishiwe. Hata akipatikana na hatia, ikiwa alimweleza mkaguzi kwa ukweli alikonunua, mahakama yaweza kumpunguzia adhabu.

Wala tusidhani kwamba mahakama huwasikiliza wakubwa tu. Mwaka 2009 watu 3 walioishi na virusi vya Ukimwi walifungua kesi dhidi ya Serikali, wakihofia kwamba dawa zao halali za bei nafuu zingehesabiwa kuwa bandia. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa haki: sheria hiyo isitumiwe kuwazuilia watu dawa hizo, kwa kuwa uhai, heshima na afya ni haki za Katiba.

Basi twashauri hivi. Tutunze risiti za kila tununuacho. Mkaguzi ajapo, tumwombe kwa adabu atuonyeshe hati yake. Tusitie sahihi orodha tusiyoisoma. Asiyejua kusoma na amwite jirani au mwanawe. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.