Nafasi ya Mtazamaji wa Uchaguzi Katika Kituo cha Kupigia Kura: Mfano wa Mji wa Tunduma



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kila unapokaribia uchaguzi huulizwa sana maofisini na mabarazani, na aghlabu hujibiwa kwa kubahatisha: ni nani mwenye ruhusa ya kuingia katika kituo cha kupigia kura, na akishaingia anaruhusiwa kufanya nini? Suala hili linamhusu khasa mtazamaji wa uchaguzi, ambaye si mpiga kura, si mgombea, wala si mtumishi wa Tume, lakini sheria imemwekea nafasi yake.

Mfano uliochaguliwa ni wa mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yapo Vwawa. Tunduma ipo mpakani mwa Tanzania na Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inaingilia Zambia hapo, na reli ya TAZARA nayo inavukia hapo. Upande wa pili ni mji wa Nakonde, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2019 nchi hizi mbili zilizindua kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, ili msafiri amalize shughuli zake mahali pamoja. Ni mji ambao mgeni haonekani kuwa jambo la ajabu, na kwa sababu hiyo suala la nani anaingia kituoni lina uzito mkubwa zaidi kuliko kijijini ambako kila mtu anamfahamu mwenziwe.

Huenda msikilizaji wa Unguja au Pemba akauliza Tunduma inamhusu nini. Jawabu ni kwamba kura ya Rais wa Jamhuri ya Muungano inayopigwa Tunduma na ile inayopigwa Mkoani au Mkokotoni zinaongozwa na sheria moja, na zinasimamiwa na Tume moja, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na Madiwani unasimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Kila Tume hutoa kibali kwa uchaguzi inaousimamia yenyewe, na jambo hilo yafaa lifahamike vyema na mtazamaji anayefika katika visiwa hivi.

Utaratibu wa watazamaji si mgeni nchini. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992, na katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo, Oktoba 1995, walikuwapo watazamaji wa kutoka nje, wakiwemo wa Jumuiya ya Madola, na wa ndani, wakiwemo wa TEMCO. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2005, taasisi za kimataifa zenye kazi hiyo zilikubaliana katika Umoja wa Mataifa juu ya misingi ya utazamaji. Nchi za SADC nazo zina miongozo yao ya uchaguzi, iliyopitishwa Mauritius mwaka 2004 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015.

Sasa tuitazame sheria. Kituo cha kupigia kura si mahali pa hadhara kama soko, ijapokuwa huwekwa katika jengo la umma kama vile skuli. Siku ya kura chumba hicho kinakuwa chini ya amri ya msimamizi wa kituo. Wanaoruhusiwa kuwamo ni wasimamizi na wasaidizi wao, wapiga kura ambao zamu yao imefika, mtu anayemsaidia mpiga kura asiyeweza kupiga kura peke yake, wagombea, mawakala wa vyama, askari au mlinzi aliyepangiwa kituo hicho, na watazamaji waliopewa kibali na Tume. Asiyekuwamo katika orodha hiyo hana ruhusa, awe na cheo gani au ujamaa gani na msimamizi.

Kuhusu walio nje ya chumba, mwaka 2015 palizuka mjadala mkubwa nchini. Sheria ilikataza mikutano na ushawishi wa kura ndani ya mita 200 kutoka kituoni. Baadhi ya wananchi walitaka kubaki ng'ambo ya mita hizo baada ya kupiga kura, wakisema kwamba wanalinda kura zao. Shauri lilifikishwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na tarehe 23 Oktoba 2015, siku mbili kabla ya uchaguzi, majaji watatu walitoa uamuzi kwamba mikusanyiko ya namna hiyo haikubaliki, iwe ndani ya mita 200 au nje yake. Mwananchi akishapiga kura, arudi nyumbani.

Uamuzi huo ndio unaoipa nafasi ya mtazamaji maana yake. Wahenga wamesema, asiyekuwepo na lake halipo. Mpiga kura ametakiwa asiwepo, nayo kura yake inabaki. Sheria haikukusudia kwamba lake lipotee. Imeliweka katika amana ya watu wachache waliobaki ndani. Kati ya hao, wakala ana upande wake na anautetea. Msimamizi anafanya kazi ambayo yeye mwenyewe ndiye atakayeitolea hesabu. Mtazamaji peke yake ndiye asiyekuwa na upande wala hesabu ya kutoa katika matokeo. Kiti chake ni kiti cha mwananchi aliyekwenda nyumbani. Kukiondoa kiti hicho, au kukigeuza uso ukutani, ni kumtaka mwananchi aamini kwa kufumba macho.

Haki za mtazamaji zinaweza kufahamika kwa kuifuata siku ya kura tangu mwanzo. Kabla ya saa 1:00 asubuhi msimamizi huwaonesha waliomo kwamba sanduku ni tupu, kisha hulifunga kwa lakiri. Mtazamaji aliyefika mapema ana haki ya kulishuhudia jambo hilo. Wakati wa kupiga kura anaweza kuangalia jinsi majina yanavyohakikiwa katika daftari, jinsi karatasi zinavyotolewa na jinsi wazee, wajawazito na wenye ulemavu wanavyohudumiwa. Saa 10:00 jioni foleni hufungwa, na waliokwishafika kabla ya saa hiyo huruhusiwa kumaliza. Baada ya hapo kura huhesabiwa papo hapo kituoni. Saa hizo za kuhesabu ndizo zenye umuhimu mkubwa kuliko zote, kwa sababu ndizo ambazo mpiga kura hayupo kabisa. Hesabu hujazwa katika fomu, ambazo wananchi wengi wamezizoea kwa jina la Fomu Namba 21: A kwa Rais, B kwa Ubunge na C kwa Udiwani. Mawakala hupewa nakala, na nakala nyengine hubandikwa kituoni. Mali bila daftari huisha bila habari, na fomu iliyobandikwa mlangoni ndiyo daftari la mtaa mzima.

Mipaka ya mtazamaji nayo ni wazi. Kwanza, lazima awe na kitambulisho cha Tume, na akioneshe anapotakiwa. Pili, hana amri yoyote kituoni. Akiona kasoro huiandika na kuipeleka kunakohusika, wala hamkatazi msimamizi wala hamfundishi kazi. Tatu, hamsemeshi mpiga kura aliyemo katika kituturi, wala hatafuti kujua amemchagua nani. Nne, haruhusiwi kuvaa wala kubeba alama ya chama. Tano, hatangazi matokeo, kwani kazi hiyo ni ya Tume. Wakala anaweza kupinga jambo na kutia saini fomu kwa niaba ya chama chake. Mtazamaji hana mamlaka hayo, na akijitwalia amekwishakuwa kitu chengine.

Katika mji kama Tunduma yapo mambo mawili ya kuzingatiwa zaidi. La kwanza ni la karatasi. Hati ya kuvukia mpaka humruhusu mtu kuingia nchini. Haimruhusu kuingia kituoni. Mtazamaji anayetoka Zambia, hata kama nyumba yake inaonekana kutoka upande wa Tanzania, anahitaji kibali cha Tume sawasawa na anayetoka Ulaya. Vivyo hivyo, kwa mwenye kibali halali, lafudhi yake au nchi yake isiwe sababu ya kumweka nje. Kinachopimwa mlangoni ni kitambulisho, si uso.

La pili ni la masafa. Tunduma na Vwawa zipo katika barabara kuu, na mtazamaji mwenye gari moja na siku moja huvutwa na vituo vilivyo karibu na lami. Lakini mkoa huo una Kamsamba katika bonde la Ziwa Rukwa, una Ileje inayopakana na Malawi kwa Mto Songwe, na una Mkwajuni upande wa kaskazini. Ripoti inayotokana na vituo vya barabarani pekee haiwezi kusema habari za mkoa mzima. Hapo ndipo watazamaji wa ndani, wakaazi wa maeneo hayo wanaozijua njia na lugha zake, wanapokuwa na faida ambayo mgeni hanayo.

Umuhimu wa mambo haya ulidhihirika katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Siku hiyo palitokea maandamano na ghasia katika miji mbalimbali ya Tanzania Bara, Tunduma ikitajwa miongoni mwao, watu walipoteza maisha, na mawasiliano ya intaneti yalikatwa kwa siku kadhaa. Ujumbe wa watazamaji wa SADC, katika taarifa yake ya awali ya Novemba 2025, ulisema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia, na ulieleza pia kwamba baadhi ya watazamaji wake walihojiwa na vyombo vya usalama huko Tanga. Ujumbe wa Umoja wa Afrika nao ulitoa taarifa ya kukosoa. Baadaye Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Funzo moja la matukio hayo linahusu mada hii moja kwa moja. Taarifa ya mtazamaji haina amri ya kubatilisha wala kuthibitisha uchaguzi. Nguvu yake ni ushahidi tu, na ushahidi hauna thamani isipokuwa kwa shahidi aliyeona. Anayemzuia mtazamaji mwenye kibali hamwondolei mshindi lawama. Anamwondolea uthibitisho, kwani hata msimamizi aliyefanya kazi yake kwa uadilifu atakosa wa kumshuhudilia.

Kwa hivyo watumishi watakaopewa dhamana ya vituo wanakumbushwa kwamba kibali cha Tume ni amri kwao, wala si ombi. Mtazamaji apewe mahali ambapo ataona meza na sanduku bila ya kuizuia njia ya wapiga kura. Chumba kikiwa kidogo, waliomo wapange zamu, lakini pasiwe na saa ambayo hakuna jicho la nje. Akiwa na kosa, kosa liandikwe na litajwe. Asitolewe kwa neno la mdomo. Askari wa kituo naye afahamu kwamba yupo hapo kwa ajili ya utulivu, na kwamba mwenye kitambulisho cha Tume ni mmoja wa anaowalinda.

Wananchi nao wana sehemu yao. Wasimdhanie mtazamaji kuwa mpelelezi, wala wasimtarajie awe hakimu. Wapige kura, warudi nyumbani kwa amani kama sheria inavyotaka, na fomu zikishabandikwa wazisome. Anayesoma fomu ya kituo chake na kuilinganisha na matokeo yanayotangazwa anatimiza haki ambayo hakuna mita wala mlango unaoweza kumzuilia.