Ardhi ya Vinu vya Nguo Mjini Bombay



Jina la Bombay si geni masikioni mwa watu wa Afrika ya Mashariki. Katika karne ya 19 marobota ya nguo zilizofumwa katika mji ule yalishushwa Unguja na Mombasa, yakachukuliwa na wapagazi hata masoko ya bara. Na aliyenunua mikono minne ya shuka hakuwa na haja ya kujua ni nani aliyeifuma. Habari za leo zawahusu wafumaji wale na watoto wao, na ardhi ambayo vinu vyao vilisimama juu yake. Mji wenyewe tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai, lakini vinu vilijengwa chini ya jina la zamani.

Kinu cha kwanza cha kusokota pamba kwa nguvu ya mvuke kilianzishwa na tajiri mmoja wa Kiparsi, Cowasji Davar, katika miaka ya 1850. Baadaye viliongezeka sana, vingi katika mitaa ya Parel, Lalbaug na Worli, na ardhi yake yote ilikuwa yapata ekari 600. Watu waliiita sehemu ile Girangaon, maana yake kwa Kimarathi ni kijiji cha vinu. Wafanyakazi walitoka mashambani, wakaishi katika majengo ya ghorofa yaitwayo chawl. Kila jamaa ilikuwa na chumba kimoja, na mbele ya vyumba ulipita ukumbi mrefu. Bomba la maji na vyoo vilikuwa vya shirika. Vijana wasio na jamaa mjini walipanga chumba wengi pamoja, wakalala kwa zamu: huyu arudipo kutoka kazi ya usiku, yule ameamka kwenda kazi ya asubuhi, na mkeka haukupata kupoa. Chakula walipikiwa na wanawake wa mtaani kwa malipo ya mwezi. King'ora cha kinu ndicho kilichokuwa saa ya kila mtu, hata ya wale ambao hawakufanya kazi kinuni.

Mambo hayo yalivunjika upesi. Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wapata 250,000 waligoma, kiongozi wao akiwa Dkt. Datta Samant. Walidai mishahara bora na haki ya kuchagua chama watakacho. Wenye vinu hawakukubali, na Serikali nayo haikukubali. Mgomo uliendelea zaidi ya mwaka mmoja na haukumalizwa kwa mapatano yo yote, ulififia tu. Watu maelfu kwa maelfu hawakurudishwa kazini tena. Yafaa kusema kweli kwamba vinu vilikuwa taabani hata kabla ya hapo, kwa kuwa mitambo yake mingi ilikuwa imechakaa, na nguo za bei nafuu zilikuwa zikifumwa katika karakana ndogo ndogo za umeme nje ya mji. Lakini wenye vinu walikuwa wametambua jambo jingine pia. Mji ulikuwa umewazunguka pande zote, na ekari moja chini ya kinu ilikuwa imekwisha kuwa na thamani kubwa kuliko nguo zitokazo ndani yake.

Basi ardhi ile ifanyiwe nini? Mwaka 1991 Serikali ya jimbo la Maharashtra ilitunga kanuni iliyokuwa rahisi kufahamika. Mwenye kinu akitaka kuijenga upya ardhi yake kwa kazi nyingine, ataigawa kwa mafungu matatu yaliyokaribiana: fungu la kwanza kwa Halmashauri ya Mji, liwe bustani na viwanja vya kuchezea, la pili kwa idara ya nyumba ya jimbo, zijengwe nyumba za watu wa kipato kidogo, na la tatu abaki nalo mwenyewe, auze au ajenge atakavyo. Wenye vinu wengi hawakuifurahia. Wakakaa kimya, wakayatumia majengo ya zamani kwa kazi nyingine bila ya kuyavunja, maana asiyevunja hakulazimika kugawa.

Mwaka 2001 kanuni ile ilirekebishwa, na hapa msikilizaji aombwa kutega sikio vizuri, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa ya maneno machache tu. Kitakachogawanywa, kanuni mpya ilisema, si ardhi yote ya kinu, bali ni ile iliyo wazi, isiyokuwa na jengo juu yake. Tuseme kinu kina ekari 12, na majengo yamefunika ekari 9. Kwa kanuni ya mwaka 1991 mji ungepata ekari zipatazo 4, idara ya nyumba 4, na mwenyewe 4. Kwa kanuni ya mwaka 2001 zinazogawanywa ni zile ekari 3 za ua. Mji wapata 1, idara ya nyumba 1, na mwenyewe abaki na 10. Tena, hata akiyavunja majengo yake yote mpaka msingi, ardhi iliyokuwa chini yake haihesabiwi kuwa wazi. Vinu vya nguo hujengwa kwa kubanana, karakana ubavuni mwa karakana, na uwanja mtupu ni mdogo. Ni vigumu kuamini kwamba waliotunga maneno yale hawakulijua hilo.

Watu wapendao mji wao walilipeleka jambo hili mahakamani. Mwezi wa Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Bombay ilikubaliana nao, kwamba ardhi yote ihesabiwe. Lakini tarehe 7 Machi 2006 Mahakama ya Juu ya India iliitengua hukumu hiyo, na maana ya mwaka 2001 ikasimama.

Baada ya hapo majengo yaliota kama uyoga. Pale Phoenix Mills palipokuwa na mitambo pakawa na maduka ya anasa na mikahawa, na dohani moja ya matofali ikaachwa imesimama katikati. Penginepo yalipanda majumba ya makazi yenye ghorofa nyingi mno, na majumba ya ofisi yakajaa makarani na watu wa benki. Ni haki kusema kwamba kazi mpya zilipatikana, na nyingine zilikuwa nzuri. Ila mfumaji wa miaka hamsini, asiyejua Kiingereza, hawezi kuzipata kazi hizo. Aliyebahatika alikuwa bawabu mlangoni. Pesa zilizomtosha zamani kununua mboga na samaki hazikumtosha tena.

Njia nazo zilibaki zile zile. Vituo vya reli vya mtaa ule vilifanywa kwa ajili ya wafumaji, ambao wengi wao waliishi karibu na kwenda kazini kwa miguu. Sasa maelfu ya wafanyakazi wa ofisi walishuka hapo kila asubuhi kutoka mbali. Tarehe 29 Septemba 2017, mvua kubwa ikinyesha, watu walisongamana katika ngazi nyembamba ya daraja la waendao kwa miguu katika kituo kilichoitwa Elphinstone Road, na zaidi ya watu 20 walikufa kwa kukanyagwa na kukosa pumzi. Jeshi liliitwa kujenga daraja jipya, nalo likafunguliwa mwezi wa Februari 2018. Miezi mitatu tu baada ya msiba ule, tarehe 29 Desemba, moto uliwaka katika mikahawa ya juu ya jengo kwenye uwanja wa Kamala Mills, na watu 14 walifariki.

Na nyumba zilizoahidiwa? Kwenye fungu dogo lililobaki idara ya nyumba ilijenga, na tarehe 28 Juni 2012 ilipigwa kura ya kwanza kuwagawia wafumaji wa zamani au warithi wao nyumba 6,925, kila moja ya futi za mraba 225. Walioomba walikuwa zaidi ya laki moja. Kura nyingine zilipigwa mwaka 2016 na mwaka 2020, lakini hata hapo jumla ya nyumba zilizogawiwa haikufika 20,000. Sehemu yake zilikuwa Panvel, ng'ambo ya ghuba. Mwombaji alitakiwa kuonyesha vyeti vya kazi na hati za akiba ya uzeeni, karatasi ambazo wengi walikuwa wamezihifadhi sandukuni kwa miaka thelathini. Na katika jamaa nyingi mwenye jina lililoandikwa juu ya karatasi alikuwa amekwisha kufa, ikambidi mjane au mwana kuthibitisha urithi wake kwanza.

Mwaka 2024 Serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kuwajengea waliobaki huko Shelu na Vangani, katika njia ya reli iendayo Karjat, mwendo mrefu kutoka mjini. Mwezi wa Julai 2025 wafumaji wazee na watoto wao walikusanyika katika uwanja wa Azad Maidan kuukataa mpango huo. Walitaka wajengewe Mumbai.